Hema la Musa kwa Shubiri Zangu

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi imepatikana! Mwalimu wa darasa la Biblia amehamia kwa binti yake, mbali, na kiti chake kiko wazi. Mchungaji alitangaza jana: Jumapili ijayo watu wawili watafundisha mbele ya kanisa, mmoja achaguliwe. Wawili hao ni mimi na Seremala. Somo: Mkristo alisomeje Agano la Kale.

Seremala! Tangu lini? Mtu ambaye akiombea chakula, chakula kinapoa! Ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Yeye hutengeneza fremu za makochi, mimi huzivika. Saa nne tunakunywa chai pamoja kwenye benchi lake. Nampenda kama ndugu. Lakini kiti cha mwalimu kina mto wa mahameli nilioushona kwa mkono wangu, na sitakubali ukaliwe na suruali iliyojaa vumbi la mbao.

Tatizo dogo. Agano la Kale sijalisoma. Nilisoma Mwanzo hadi gharika, nikaruka mpaka Zaburi, nikaruka tena mpaka Mathayo. Katikati ya Biblia yangu kurasa bado zimeshikana vile zilivyotoka dukani.

Dawa ninayo. Nafumba macho, nafungua popote, naweka kidole. Kitakapotua, hapo ndipo nimesemeshwa. Nimefanya hivyo sasa hivi. Kidole kimetua kwa Gideoni! Aliweka ngozi ya kondoo nje, asubuhi ngozi ikawa imelowa na ardhi kavu, akajua atashinda. Ngozi ya kondoo sina. Sponji ya kochi ninayo. Nimeiweka uani. Ikilowa, kiti ni changu.

Jumanne, 4 Machi

Imelowa! Imelowa chepechepe, na ardhi yote pembeni kavu! Nimepiga vigelegele uani nikiwa na nguo za kulalia. Mke wangu akatoka mbio na mwiko, akidhani nimeona nyoka.

Nikamweleza. Mama Mkwe alikuwa mlangoni na kikombe chake, anasikiliza. Mama Mkwe anaishi nasi. Kila asubuhi husoma Biblia kwa sauti, jalada hadi jalada, haruki kitu, hata ile mistari mirefu ya fulani akamzaa fulani. Ndiyo maana mimi huwahi sana dukani.

Akasema sponji ameilowesha yeye. Aliikuta uani alfajiri, akaona inafaa kusugulia pipa la maji, akaisuuza na kuirudisha ilipokuwa, kwa sababu yeye vitu vya watu anaviheshimu. Halafu akaniuliza: hayo ya ngozi aliambiwa nani? Gideoni, au fundi makochi? Akaendelea kwamba Gideoni alikwisha kuambiwa waziwazi aende, akawa anaogopa tu, na kwamba hadithi ile inatuonyesha Mungu alivyomvumilia mwoga. Haitufundishi kuanika ngozi.

Nikasema asante, Mama. Mkwe habishani na mama mkwe kabla ya chai, wala baada yake.

Lakini sijavunjika moyo. Kidole nimekiweka tena. Yeriko!

Jumatano, 5 Machi

Mguu unauma. Naandika nikiwa nimeuweka kwenye beseni.

Waisraeli waliuzunguka mji wa Yeriko kimya kimya, siku baada ya siku, hatimaye wakapiga kelele na kuta zikaanguka. Mimi siku hizo sina. Nikaona nifupishe: mizunguko yote leo, kabla ya chakula cha mchana. Nia yangu haikuwa kuangusha karakana ya Seremala, Mungu apishe mbali, fremu zangu zimo mle. Nilitaka tu aanguke moyo, ajitoe mwenyewe.

Nikaanza. Mzunguko wa kwanza akanisalimia. Sikujibu, kimya ni sharti. Wa pili akauliza nimepoteza nini. Wa tatu akauliza kama nyumbani kuna amani. Wa nne akaweka randa chini, akatoka, akaanza kunifuata. Basi tukawa tunazunguka wawili, mimi mbele nimefumba mdomo, yeye nyuma ananisihi nijikaze, hakuna msiba usio na mwenziwe, kama ni jambo la kusaidiana nimwambie tu. Nusura nilie. Ni mtu mwema sana. Ndiyo shida ya kushindana naye.

Mwisho nikapiga kelele. Ukuta haukujali. Rundo la mbao ndilo lililojali, likaporomoka lote: nusu kwenye mguu wangu, nusu juu ya meza ya mteja iliyokuwa imepakwa vanishi ikisubiri kukauka.

Seremala akaitazama meza. Akanitazama mimi. Ikabidi niseme ukweli: nilikuwa namzunguka kama Yeriko. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Aliuliza tu: kama mimi ndiye Israeli, basi yeye ni nani?

Akasema fremu basi. Hatanipa hata mguu wa stuli mpaka nijifunze kukaa na watu.

Bila fremu mimi si fundi makochi. Ni mshona mito. Na kesho saa nne nitakunywa chai na nani?

Alhamisi, 6 Machi

Nilikunywa peke yangu. Chai ya peke yako haina utamu hata ukiitia sukari ya mwaka mzima. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Seremala akipiga msumari. Kwa kawaida hupiga mluzi. Leo hakupiga.

Adhuhuri akaja Mchungaji. Alikuwa amesikia. Mtaa mzima umesikia. Akakaa kwenye kochi la mteja, akasema amebadili mpango: masomo mawili hakuna. Mimi na Seremala tutafundisha somo moja, pamoja, tena kwa mikono yetu. Tutajenga hema lile ambalo Musa aliagizwa kule jangwani. Yeye mbao, mimi mapazia. Kwa kuwa uwanja wa kanisa ni mdogo, penye dhiraa moja kitabuni tutaweka shubiri moja, kiganja kilichotandazwa. Kanisa likishaona kazi yetu, atachagua mwalimu.

Nikakubali kwa unyenyekevu mkubwa. Moyoni nilikuwa narukaruka. Mbao zitafunikwa na mapazia! Nani atamwona Seremala? Watu wataona kitambaa mwanzo mwisho!

Nikabandua kurasa za Kutoka. Jamani! Mbona hakuna aliyewahi kuniambia? Mapazia yenye urefu wake na upana wake! Nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu! Tanzi kando ya pindo, na vifungo vya kuunganishia! Huyu ni mteja anayejua anachotaka. Miaka yote nimehudumia watu wanaoniambia nitengeneze chochote kizuri, halafu wananung'unika. Nilisoma mpaka uji ukapoa.

Mama Mkwe akanikuta nasoma, akavaa miwani kuhakikisha. Akaniuliza kama nimefika pale inaposemwa hema lilikuwa la nini. Nikasema nimefika kwenye vifungo. Akasema nirudi nyuma, kabla hata ya uzi wa kwanza: Mungu alisema wamjengee mahali ili akae katikati yao. Watu wale wanakaa mahemani, na Yeye anataka hema. Usipolijua hilo, akasema, utashona shuka kubwa tu.

Maneno mazuri. Lakini nina tanzi za kuhesabu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya hofu. Nimshukuru Mungu imepita.

Asubuhi nilitaka baraka kabla ya kushika mkasi. Nikafumba macho, nikaweka kidole. Mambo ya Walawi. Nguo iliyofumwa kwa nyuzi za namna mbili, usiivae.

Nikatazama duka langu. Pamba na nailoni. Sufu na nailoni. Kitani na kitu ambacho hata muuzaji hakijui. Maisha yangu yote nimekuwa nikikalisha watu wa Mungu juu ya dhambi!

Nikaona toba ianzie nyumbani. Kiti pekee tulichonacho chenye kitambaa cha nyuzi mbili ni cha Mama Mkwe. Nikakichana. Chote. Mgongo, mikono, makalio. Nilipofika kwenye springi, Mama Mkwe akaingia na Biblia yake, tayari kukaa.

Alikizunguka kiti chake kilichokuwa uchi, akaniuliza mwizi alikuwa na kisu gani. Nikamwonyesha aya. Akaisoma. Akauliza: aliambiwa nani?

Nikasema hapa, Mama, nimeambiwa mimi, ni nguo kabisa. Akaniambia nilete kofia, tunakwenda kwa Mchungaji, kwa sababu akinijibu mwenyewe atasema neno ambalo mtu mzima halisemi.

Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho, mkono kinywani, mabega yanatikisika. Kisha akaeleza taratibu. Sheria zile walipewa Israeli, taifa lililotengwa, hata nguo yao iwakumbushe kwamba wao ni watu wa agano. Mkristo hazisomi kama bango la marufuku ukutani, na pia hazitupi. Anauliza zilimfundisha nini mtu wa wakati ule kuhusu Mungu, kisha anauliza zimefika wapi katika Kristo, aliyesema hakuja kuitangua torati bali kuitimiza. Jambo la kuwa watu waliotengwa kwa ajili ya Mungu limebaki. Sheria ya uzi haimfungi fundi makochi.

Ahaa! Nimepumua mpaka vifungo vya shati vikalegea! Duka langu halina dhambi! Nilimshika Mchungaji mkono nikautikisa kama pampu. Tukarudi nyumbani, mimi nikiimba njia nzima. Mama Mkwe hakuimba. Alikuwa akifikiria springi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekata na kushona kutwa.

Kochi huvikwa namna moja tu. Fremu inakuja kwanza. Unatandaza kitambaa juu yake, unavuta, unaweka chaki, ndipo unakata. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua: kitambaa hukatwa juu ya fremu. Lakini fremu iko kwa Seremala na Seremala hasemi nami. Nikamtuma mke wangu ukutani aulize mbao zina kimo gani. Jibu likarudi: shubiri kumi, kama ilivyoandikwa. Nikamtuma tena amwambie hata mimi najua kusoma. Jibu likarudi kwamba amefurahi kusikia. Mke wangu akasema yeye si posta, akaenda zake.

Sawa. Nimepima kwa shubiri zangu. Tepu ya nini? Musa hakuwa na tepu! Nilitandaza mkono, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, nikatembea juu ya kitambaa kama kaa. Mikono yangu ni mirefu, ni sifa ya ukoo wetu, babu yangu alikuwa anajikuna mgongo bila msaada.

Mapazia ni mazuri ajabu. Buluu, zambarau, nyekundu, mabaki ya makochi ya watu wenye nafasi zao. Kiti cha mwalimu nakiona kabisa. Nakiona na mto wake.

Lakini nikiri kitu hapa, ambapo hakuna anayesoma. Kila nilipomaliza pindo nilitaka kugonga ukuta nimwonyeshe Seremala. Mara moja nilinyanyua ngumi. Nikaishusha.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Niko hai.

Kanisa zima lilikuwa uwanjani. Seremala alikuwa amesimamisha mbao zake, zimenyooka, zimepigwa msasa mpaka zinang'aa. Nikashangaa kidogo zilivyo fupi. Kisha nikakumbuka vidole vya Seremala. Ni vifupi na vinene. Akitandaza mkono, shubiri yake haifiki mwisho wa kitana.

Lakini nilikuwa nimeshachelewa kubadili kitu. Watu walikuwa wanaimba, mapazia yako begani, Mchungaji anatikisa kichwa kunihimiza. Nikapanda ngazi, Seremala upande ule, mimi upande huu, tukavuta. Kitambaa kikaja. Kikaendelea kuja. Kilifunika mbao, kikafika chini, kikatanda kwenye nyasi, kikapanda miguu ya wanakwaya. Seremala akavuta kwake ili kipungue. Nikavuta kwangu. Hakuna aliyesema neno, maana hatusemezani! Mbao zikalia, zikainama, hema likaanguka na sisi wawili ndani yake.

Giza. Vumbi. Tanzi moja sikioni mwangu. Nikasikia watu wakipiga mayowe nje, na jambo la kwanza lililonijia si kiti cha mwalimu. Nilidhani nimemuua Seremala. Nikatambaa nikipapasa, naita jina lake, la kuitwa nyumbani, mpaka nikashika kiatu. Kiatu kikanipiga teke. Alhamdulillahi, au tunavyosema sisi, asifiwe Bwana!

Hasira na furaha zikanitoka kwa pamoja. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote kwamba ni mjinga gani duniani anayekata kitambaa bila kukiweka juu ya fremu!

Gizani Seremala akajibu kwamba ni mimi.

Nikafikiri kidogo. Kweli, ni mimi. Tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka mbao zilizobaki zikaanguka. Nikamwomba radhi kwa ajili ya meza, na kwa ajili ya Yeriko. Akasema meza ameshaipiga msasa upya, na kwamba Yeriko lilimuuma zaidi kuliko meza. Nikasema najua. Akasema chai ya peke yake ilimshinda naye. Moyo wangu ukarudi mahali pake, puu, nilihisi kabisa.

Walipotufukua, Mchungaji alikuwa anafuta machozi. Alikuwa amesikia kila kitu. Akaligeukia kanisa, akasema ndugu zetu wamefundisha leo kuliko mahubiri yake ya mwaka mzima. Kitambaa hukatwa juu ya fremu! Aya nayo ina fremu yake: nani aliambiwa, wakati gani, kwa agano lipi, na hadithi nzima inakwenda wapi. Tukiikata hewani, kila mtu kwa shubiri yake, inatuangukia. Na hadithi ya hema, akasema, inakwenda kwa Neno aliyefanyika mwili akakaa kwetu. Mungu hakuchoka kutaka kukaa katikati ya watu, hata watu wanaovutana mapazia.

Watu wakapiga makofi! Walidhani tulipanga! Nikainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu aliyepanga.

Kisha Mchungaji akauliza nani atakuwa mwalimu, na akataja somo la Jumapili ijayo. Walawi, sura ya kumi na tatu. Magonjwa ya ngozi. Majipu, vipele, upaa. Seremala akanitazama. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu na nadhani wangu pia.

Hapo Mama Mkwe akasimama. Akasema yeye sura hiyo anaipenda sana. Akaanza kueleza pale pale, pamoja na sura inayoifuata, kuhani alivyokuwa akitoka nje ya kambi kwenda kumwangalia mgonjwa, na Yesu alivyokwenda mbali zaidi akamgusa. Halafu akatoa mfano wa mtu mmoja, hakumtaja jina, aliyeanika sponji. Kanisa zima likageuka kuniangalia.

Amechaguliwa kwa sauti moja. Mimi na Seremala tulishangilia kuliko wote.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne, chai kwenye benchi. Mluzi umerudi. Fremu tatu zimeegemea ukutani kwangu, zimenyooka. Nimezipima kwa tepu, kila moja, Seremala akishika ncha ya pili.

Nimevika upya kiti cha Mama Mkwe, juu ya fremu, kwa mahameli. Amekaa, akajitingisha kidogo, akasema mkwe wangu ukiacha kusemeshwa na kidole chako utafika mbali. Nimeahidi. Nimeahidi mbele ya mke wangu. Mtu akiponea chupuchupu hivi, akirudia tena basi hana akili.

Alhamisi, 13 Machi

Kanisa litachagua mzee mpya wa kanisa! Mzee wa kanisa hukaa mbele, kwenye kochi. Kochi!

Sikufungua kwa kutafuta. Biblia ilianguka yenyewe kutoka mezani, nami nikainama kuiokota, na kidole kikatangulia. Samweli! Nabii anakwenda nyumbani kwa Yese, anawapita wakubwa wote, anammiminia mafuta kitinda mimba! Mimi ni kitinda mimba. Seremala ni mwana wa kwanza, maskini. Safari hii hata Mama Mkwe akiuliza aliambiwa nani, jibu ninalo. Nimesoma sura nzima, nimeiweka juu ya fremu yake. Fremu inanitosha kabisa.

Mafuta ya kupikia mke wangu ameyaficha, sijui kwa nini. Nimetumia ya cherehani. Kopo zima, utosini.

Sasa mto wa kitanda umeharibika, na cherehani inapiga kelele kila nikikanyaga. Mke wangu anasema inalia kwa sababu haina mafuta. Lakini mimi ishara nikiisikia, naijua.